Shajara ya mkono wa kulia: gumba, shahada na gitaa kavu hapa Kasese

Februari

Mwaka huu kwenye gitaa nina kazi moja tu, mkono wa kulia. Kushoto niko sawa, kodi (zile chords za gitaa) zinakaa, ile F ya kubana nyuzi zote sita inatoka safi, kwaya ya kanisani nawapigia kila Jumapili na nyimbo zinaenda vizuri. Ila miaka yote hiyo napiga kwa piki, kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, chini juu chini juu, na mi nataka ile kitu nyingine, besi itembee yenyewe huku chini, melodi iimbe juu yake, na bado mdomo ubaki huru kuimba. Gitaa moja, mtu mmoja.

Aliyenitia huu moto ni Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo. Hugh Tracey, mtu aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, huko Katanga, na ukizisikiliza zile rekodi kwa hedifoni unaapa wako watu wawili. Ni mtu mmoja na gitaa kavu, lile lisilo la umeme, alafu anatumia gumba na kidole cha shahada basi. Vidole viwili! Na juu yake anaimba Kiswahili, Kiswahili cha Kongo ambacho sisi wa huku tunakisikia kila siku ya soko pale Mpondwe, mpakani na Kongo, kwa hiyo hata maneno yananiingia.

Kwa atakayefuata hii shajara na hajui herufi: vidole vya kulia vinaandikwa kwa herufi zilizotoka Kihispania, p ni gumba, i ni shahada, m ni cha kati, a ni cha pete. Kidole cha mwisho mara nyingi hakipewi kazi. Nyuzi zinahesabiwa kuanzia ule mwembamba, huo ndio wa 1, mnene ndio wa 6.

Februari mwishoni, mkao

Kabla ya kudonoa chochote nimeshughulika na jinsi mkono unavyokaa, maana naona watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia mitindo. Mkono unalala kwenye ukingo wa gitaa, chini kidogo ya kiwiko, bega limeshuka, kifundo cha mkono kimenyooka, hakijapinda kama mtu anayechungulia shimoni. Gumba linatangulia kuelekea shingo ya gitaa na shahada inabaki nyuma yake. Hii ya gumba kutangulia ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu vikivuta kwa wakati mmoja, gumba linashuka na shahada inapanda, vikiwa vimekaa sawasawa vinagongana, gumba likitangulia vinapishana bila shida.

Kingine ni kidole kinasogea kutokea wapi. Kinatakiwa kisogee kutoka fundo kubwa, lile linaloungana na kiganja, kiende kuelekea ndani ya kiganja. Ukikunja ncha peke yake unaunyanyua uzi juu, ukirudi unagonga freti, vile vyuma vya shingoni, na unatoa sauti ya kukwaruza. Jaribu pole pole uzi wa 3, mara moja hivi mara moja vile, tofauti utaisikia hapo hapo.

Kuna wanaoegemeza kidole cha mwisho kwenye ubao wa gitaa ili mkono usicheze, na wamo wapigaji wakubwa wanaofanya hivo. Mimi nimekataa, kwa sababu kidole cha mwisho na cha pete vimefungamana ndani ya mkono, kimoja kikikaza na mwenzake anakaza, na cha pete nitakihitaji baadaye.

Kucha nayo. Nina nyuzi za chuma, zinakula nyama ya kidole siku za mwanzo lakini zinakula kucha zaidi. Mtu anayemenya matoke, anayefua, anayebeba majerikeni ya maji, kucha ndefu hazikai. Francisco Tárrega mwenyewe, bingwa wa gitaa wa Hispania aliyefariki 1909, mwishoni mwa maisha yake alikata kucha akapiga kwa nyama. Nimeacha kucha fupi sana, inaonekana kidogo tu nikitazama kiganja upande wangu, nazilainisha kwa msasa ule laini kabisa. Nyama inagusa uzi kwanza, kucha inamalizia. Sauti imekuwa nene, naipenda.

Machi, gumba peke yake

Mwezi huu shahada imepumzika. Gumba tu. C: uzi wa 5, wa 4, wa 6, wa 4, rudia. G: wa 6, wa 4, wa 5, wa 4. Mkono wa kushoto umeshika kodi, vidole vingine vya kulia vimegusa nyuzi 3, 2, 1 vimetulia, gumba linatembea. Metronomu kwenye simu, ile inayogonga kuhesabu mwendo, iko 60 kwa dakika.

Mtindo huu wa gumba kuruka kati ya besi mbili Wamarekani wanauita kwa jina la Merle Travis, mpiga gitaa wa Kentucky. Yeye naye watu wanashangaa mpaka leo jinsi alivyotoa sauti yote ile kwa gumba na shahada. Wazee wa Katanga hawakujifunga hivo, gumba lao linaenda wimbo unapotaka, lakini kama zoezi la kulifundisha gumba kujitegemea sijaona linalozidi hili.

Nina mzee jirani, alitoka ng'ambo ya mpaka miaka mingi, ujanani alipiga gitaa kwenye mabaa. Siku hizi vidole vyake vimekakamaa hapigi, ila masikio yake ni mazima kabisa. Jioni anakuja barazani anakaa kwenye kiti chake, mi naanza gumba, yeye anaanza kuniuliza habari. Mama anaendeleaje? Ile pikipiki ya kaka yako waliiuza? Bei ya maharage Bwera ni ngapi sasa? Na lazima nijibu, siwezi kumkalia kimya mzee, alafu kila anayepita njiani anasalimia na hapa kwetu salamu haipitishwi hivi hivi, unarudishiwa unarudisha. Mdomo ukifunguka gumba linayumba. Anainua kidole: "Mwanangu, gumba isikufe. Gumba inakufa, wimbo inakufa." Naanza upya.

Ni mazoezi bora kuliko yote niliyopewa na mtu. Ukiweza kusema maharage yamepanda na gumba halijakata, ujue limeanza kwenda lenyewe.

Aprili, mvua

Umeme unakatika sana na simu ikiisha chaji metronomu hakuna. Mtoto wa jirani nimempa chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mikunjo, na msumari mrefu, anakwaruza. Hii sio mchezo wa kubuni, ndivyo walivyofanya wapigaji wa omutibo kule magharibi mwa Kenya, kina George Mukabi aliyefariki 1963, gitaa kavu linapigwa kwa vidole na pembeni chupa ya soda inakwaruzwa. Na nimeelewa kwa nini. Metronomu inakupa nukta, tik, alafu kimya, alafu tik. Chupa inakupa nukta na nafasi iliyo katikati yake, kr-ka-kr-ka, na kidole cha shahada kinaishi kwenye ile nafasi ya katikati. Mtoto ana mkono uliotulia ajabu, hakimbii hata mi nikikimbia.

Shahada imeingia wiki hii. Gumba kwenye pigo, shahada katikati, uzi wa 2 tu, haibadiliki. Imekaa.

Mei, amadinda

Hapa ndipo kazi yote ilipogeuka kwangu, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Nilikuwa Kampala kwa shughuli za familia, na kwenye sherehe walikuwepo vijana wa amadinda, ile marimba kubwa ya mbao ya Baganda. Nimeisikia tangu utotoni lakini sijawahi kusimama nyuma ya mpigaji nikamwangalia mikono. Mbao 12 zimelala chini, wawili wamekaa wanatazamana, mmoja huku mwingine kule, wanapiga mbao zile zile. Wa kwanza anaanza okunaga, anapiga taratibu, sawasawa, pigo baada ya pigo. Wa pili anaingia na okwawula, naye anapiga taratibu, sawasawa, lakini kila pigo lake linaangukia katikati ya mawili ya mwenzake. Anakuja wa tatu na okukoonera kwenye mbao mbili za mwisho za sauti ya juu. Unachosikia ni mvua ya noti, kasi ambayo mtu mmoja hawezi kuikimbia. Lakini ukiangalia mkono wa mmoja wao, mbona hana haraka! Anapiga mwendo wa mtu anayetembea.

Nilisimama pale mpaka wakamaliza.

Mzee Evaristo Muyinda, ambaye alikuwa mpigaji wa Uganda Museum pale Kampala, alifundisha hii kitu watu wengi, na mmoja wa waliojifunza kwake ni Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria. Kubik aliandika jambo ambalo sisi wenyewe tunalisikia ila hatukulisema hivo: kwenye amadinda sikio linasikia melodi ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Noti za juu za huyu na za juu za yule zinashikana kichwani mwako zinakuwa mstari mmoja, za chini nazo hivo hivo. Na Kubik huyo huyo alichunguza pia magitaa ya Kongo, naona alijua anatafuta nini.

Nimerudi Kasese nimekaa na gitaa kwa macho mengine kabisa. Gumba ni okunaga. Shahada ni okwawula. Metronomu 60, gumba linapiga mara 60 kwa dakika, shahada inapiga mara 60, sikio linasikia 120. Peleka 80, kila kidole bado kinatembea tu, sikio linasikia 160. Kasi haikai kwenye kidole, inakaa kwenye kupishana! Ndio maana mtu wa vidole viwili Katanga anasikika kama watu wawili, kwa sababu kimpangilio ni watu wawili kweli, na kila mmoja ametulia.

Kwa hiyo nimeacha kabisa yale mazoezi ya kukimbiza vidole. Siyagusi. Zoezi langu sasa ni moja: gumba kwenye 5 na 4, shahada kwenye 3 na 2, napishanisha, alafu nasikiliza melodi ya tatu inayojitokeza. Nikibadilisha mpangilio wa shahada tu, gumba likibaki vile vile, melodi nzima inabadilika. Nimekaa na kodi mbili, C na F, jioni nzima na sikuchoka.

Mzee nilimwonyesha. Hakusema neno muda mrefu, alafu akasema, "Sasa iko mbili." Basi.

Juni, kidole cha kati na cha pete

Vidole viwili vimeshakuwa na adabu, nimewaita wengine. Hapa nimerudi kwa Wazungu wa gitaa la klasiki kwa sababu wao wamelichambua hili mpaka mwisho. Mauro Giuliani, Mwitaliano aliyekuwa Vienna, alitoa mwaka 1812 kitabu chake cha Opus 1, ndani yake mazoezi 120 ya mkono wa kulia, na karibu yote yanakaa kwenye kodi mbili tu, C na G7. Akili ya huyu mtu! Kushoto hakuna la kufikiria, kwa hiyo macho na masikio yote yanabaki kulia. Nachukua machache tu, p-i-m-a, p-a-m-i, p-i-m-a-m-i, kila moja nakaa nalo wiki.

p-i-m-a-m-i ndio tamu, noti sita, inabembea vizuri kwenye nyimbo za taratibu za kanisa. Jumapili iliyopita kwenye wimbo wa sadaka niliiweka badala ya kucharaza na waimbaji wa sauti ya pili wakapunguza wenyewe bila kuambiwa.

Jambo la kufanya: kidole kiguse uzi wake kabla ya kuuvuta. Gusa, alafu vuta, vitendo viwili vilivyo karibu sana. Mwanzoni inakata sauti, tak tak tak, lakini kidole kinajifunza uzi uko wapi bila kutazama. Baada ya muda unapunguza mpaka haisikiki.

Kuna aina mbili za kuvuta. Ya kwanza kidole kikishavuta kinapita hewani hakigusi kitu, nyingine kidole kinaishia kwa kuegemea uzi wa jirani, wao wanaiita apoyando. Ya kuegemea ina sauti nene, inafaa melodi. Ya hewani inafaa kodi iliyotawanywa, kwa sababu ukiegemea uzi wa jirani unauzima na ulikuwa bado unaimba. Natumia hewani karibu muda wote, kuegemea naweka kwenye noti chache za mwisho wa mstari.

Kidole cha pete ni dhaifu. Nimekirekodi peke yake na nikasikia kabisa, noti zake ziko chini na zinachelewa kidogo. Siongezi nguvu, nikiongeza nguvu mkono mzima unakaza mpaka kwenye kiwiko. Napunguza wengine wamfuate yeye.

Julai

Nimehamia kwenye tatu-tatu-mbili. Hesabu nane: p-i-m, p-i-m, p-i. Gumba linaangukia 1, 4 na 7. Mguu unapiga 1, 3, 5, 7. Sasa gumba na mguu vinakutana mara mbili tu, kwenye 1 na 7, pale katikati kila mmoja ana njia yake. Mdundo huu unaujua hata kama hujui jina lake, umejaa kwenye muziki wa Kongo na ukanda wetu wote.

Ilivyokubali: kwanza bila gitaa, mkono juu ya paja, vidole vinagonga, mguu unagonga, mdomo unahesabu. Nimefanya kwenye foleni ya benki, nimefanya kwenye teksi nikienda Fort Portal. Ukipeleka kwenye gitaa mapema, nyuzi zinakuchanganya. Kwenye paja hakuna wa kukuchanganya.

Mtoto wa chupa aliikamata siku ile ile.

Agosti, sauti ya nani iko juu

Kila nikirekodi nasikia besi inameza melodi. Simu iko mita moja mbele yangu na bado gumba linatawala, na ni kawaida, gumba ni zito na nyuzi zake ni nene. Dawa niliyoipata ni zoezi la kugeuza: mzunguko wa kwanza gumba juu shahada chini, wa pili gumba chini shahada juu, mwendo ule ule, kodi ile ile. Wa pili ndio kazi. Gumba likipunguza sauti linataka pia kupunguza mwendo, na hapo ndipo unajua kama kweli unalitawala.

Alafu nimeanza kuzima besi kidogo, ukingo wa kiganja unagusa nyuzi nene pale karibu na daraja la gitaa, nyuzi zinapoishia, besi inakuwa fupi, dum dum, melodi inabaki wazi juu. Nafasi ni finyu, ukisogea mbele kidogo sauti inakufa kabisa, ukirudi nyuma haizimi. Nimetafuta pale mahali jioni baada ya jioni na sasa mkono unaangukia penyewe.

Kubana pia, p na a kwa wakati mmoja, besi na noti ya melodi zinatoka pamoja kwenye pigo la kwanza. Inaupa wimbo mlango wa kuingilia. Situmii kila mzunguko, inachosha sikio haraka.

Na kuimba. Naimba polepole na gumba haliniulizi kitu, ule ugomvi wa Machi umekwisha. Hii inanipa furaha siwezi kuieleza yote. Nawafikiria wale wa kadongo kamu, mtindo wa Uganda wa kuimba kisa kwa gitaa, kina Christopher Ssebadduka, wanaohadithia kisa kirefu kizima na gitaa haliyumbi. Nilikuwa nasikiliza kisa tu. Sasa nasikiliza na gumba.

Septemba

Mahali nilipo. Tatu-tatu-mbili kwenye C, F na G iko safi kwa 88, nikiimba nashusha mpaka 76. p-i-m-a-m-i inatembea kwenye kodi zote za wazi. Kidole cha pete kimepanda, rekodi ya wiki hii na ile ya Juni nimezisikiliza moja baada ya nyingine, noti zake hazichelewi tena ila bado ni nyembamba. Kugeuza sauti, gumba chini shahada juu, inakubali kwa mizunguko mirefu kidogo alafu gumba linarudi juu lenyewe, kwa hiyo hiyo inaendelea kila jioni mpaka itulie.

Kinachofuata: nyimbo mbili za kwaya napanga upya kwa vidole, moja ya kuingilia na moja ya sadaka, kwa kapo, kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti, kwenye freti ya 3 ili sopranos wasipate shida, piki naiacha nyumbani siku hiyo. Mzee amesema atakuja kukaa benchi la mbele. Nyuzi mpya nimeshanunua, naziweka Alhamisi ili zipate muda wa kutulia kabla ya Jumapili.